Ukuta Unaotoka Jasho

Kila mji wenye jengo la Mjerumani una kichaa chake cha hazina iliyofukiwa, na Tukuyu haikuachwa nyuma. Pale mtaa wa Ibighi kichaa hicho kilikuwa na mwenyewe, tena mwenye hati miliki ya mdomo: Tamimu bin Nurdin bin Kheri, fundi cherehani, mwenye kibanda cha kushonea ubavuni mwa nyumba yake, chini kidogo ya kiwanja kitupu ambacho watu wote walikiita Uwanja wa Kheri.

Kheri alikuwa babu yake. Alifika milimani huku kutoka pwani akiwa kijana, mzigo wa Mjerumani kichwani, akapendana na vitu vitatu: ndizi, baridi, na binti mmoja wa Kawetele. Ndizi akazila, baridi akaivalia koti, binti akamwoa. Kabla hajafa aliacha neno moja tu la wosia: chini ya uwanja ule pana ukuta, na ukuta huo usiguswe. Basi. Hakutaja sanduku. Sanduku aliliongeza mwanawe Nurdin, maana haiwezekani mtu mzima akaogopa ukuta mtupu. Nurdin huyohuyo, alipozeeka, akalijaza sanduku rupia. Tamimu naye alipokuja kurithi akaona aibu kuipokea hadithi bila kuifanyia ukarabati, akatia upanga wenye mpini wa dhahabu.

Hazina hiyo haikuwahi kumpa Tamimu hata kifungo cha shati. Lakini ilimpa heshima. Msikitini alipishwa safu ya mbele. Kwenye vikao vya harusi aliombwa nasaha hata kama hajachanga. Kina mama wa kwaya walipomletea vitambaa vya sare na yeye akachelewa, kama kawaida yake, walimkaripia kwa upole, kwa sababu nani atamfokea mtu ambaye kesho anaweza kuamka tajiri akamkumbuka aliyemfokea? Hata mkewe, Amna, aliozwa kwake kwa sababu hiyo. Baba yake Amna alipokuja kumkagua mkwe alitazama kibanda, akatazama cherehani, akashusha pumzi. Halafu akauona uwanja, akasema ndiyo. Ndiyo ile ilikuwa ya uwanja.

Mwaka huu, mvua za masika zikiwa ndiyo zinakaza, wajenzi wa kibanda kipya cha soko waliteremsha msingi kwenye Uwanja wa Kheri, na huko chini sururu ikalia ngaa!

Ukuta.

Mji mzima ulikuja kuutazama. Bodaboda wa Isongole walikuja na magunia ya viazi bado yamefungwa nyuma ya pikipiki. Ukuta wenyewe haukuwa wa kutisha: mawe meusi yaliyopangwa bila saruji, nyuma yake udongo, mbele yake shimo la wajenzi. Lakini ulikuwepo, mahali palepale pa hadithi. Tamimu alisimama ukingoni mwa shimo akipokea mikono ya watu kama bwana harusi. Usiku ule alilala akitabasamu, na Amna alilala akigawa vyumba vya ghorofa.

Ujenzi ukasimamishwa, akaletwa mtaalamu wa mambo ya kale. Watu walitegemea mzee mwenye miwani mizito. Akashuka binti anayeitwa Esnath, suruali ya mifuko mingi, buti, na mwiko mdogo wa fundi aliokuwa akiufuta kwenye paja. Akaanza kukwangua. Hachimbi, anakwangua. Anakwangua kidogo, anachora, anapiga picha, anakwangua tena.

"Msomi gani huyu anayechimba kwa kijiko?" aliuliza Ackson, dereva bodaboda wa mtaa wa juu, kijana wa miraba minne mwenye sauti ya kuita abiria hata akiwa msibani. "Sisi tungeshamaliza asubuhi, mchana tunagawana."

Ackson hakuwa anatania. Alikuwa amekodi Tunduma mashine ya kupimia madini, ile ya mkono mrefu na sahani mwisho. Aliipitisha juu ya ukuta, ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Watu wakapiga vigelegele. Esnath akawaambia mawe ya milima hii yametoka kwenye volkano, yana chuma ndani yake, kwa hiyo mashine italia popote. Na kweli ililia popote: ililia kwenye kizingiti cha duka, ililia kwenye jiwe la kufulia, ililia mbele ya choo cha msikiti. Mtu mwenye akili angeirudisha Tunduma. Ackson alihitimisha kwamba Mjerumani alikuwa tajiri kuliko walivyofikiria.

Siku moja alasiri Esnath akamwita Tamimu ashuke shimoni.

"Shikamoo, mzee. Njoo uone kazi ya babu yako."

"Marahaba. Umelikuta sanduku?"

"Nimekuta kitu kizuri zaidi."

Tamimu akateremka ngazi. Kwa mtu aliyesubiri sanduku maisha yake yote, kitu pekee kinachoweza kuwa kizuri zaidi ni masanduku mawili.

Esnath alimwonyesha ubavu wa shimo aliokuwa ameukwangua ukawa laini kama ukuta wa sebuleni. Ulikuwa na mistari kama ya kitenge. "Anzia chini," alisema. "Huu weusi kabisa ni tope la bwawa. Nusa. Ona, majani ya matete bado yamo. Hapa palikuwa maji matupu. Juu yake ni udongo mwekundu, mawe, magogo ya migomba, na mianzi imesukwa kama jamvi. Huo si udongo wa Mungu, mzee, huo umeletwa na watu. Walijaza bwawa wapate pa kujenga. Sasa tazama huu mstari mwembamba, rangi ya maziwa."

"Naona."

"Mafuriko. Maji yalirudi yakafunika kila kitu. Wakajaza tena, hawa wa pili walikuwa wakitumia vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, vipande vyake hivi. Maji yakarudi tena, mstari huu. Halafu wakaja wa mwisho. Hawa wana chupa ya bia ya Kijerumani ndani ya kifusi chao. Ni enzi za babu yako. Na hawa walikuwa wamechoka kuzama, kwa hiyo kabla ya kujaza, wakajenga ukuta."

"Wa kufichia sanduku," alisema Tamimu, akimsaidia kumaliza.

"Mzee wangu, ukuta huu haufichi kitu. Unazuia kitu. Weka mkono."

Tamimu akauweka. Mawe yalikuwa baridi na yalikuwa yanatoka jasho, si jasho la mvua, jasho la ndani. Akatega kiganja vizuri zaidi. Mle nyuma, mbali, kitu kilikuwa kinatetema taratibu, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.

"Chemchemi," alisema Esnath, na sasa hakuwa na uso wa kuonyesha mapambo. "Maji yote yanayotoka mlimani upande huu yamekusanyika hapo nyuma. Kifusi cha mbele ndicho kilichokuwa kinaushikilia ukuta, na wajenzi wamekitoa. Umesimama peke yake, na mvua ndiyo hiyo inaongezeka." Akatazama chini ya mteremko. Tamimu akatazama anakotazama: paa la mabati mekundu la nyumba yake mwenyewe, chini yake nyumba ya bibi Tupokigwe na migomba yake, chini zaidi vyumba vya kupanga vilivyojaa watoto. "Kesho alfajiri naenda Mbeya kuomba malori ya mawe tufukie haraka. Nikipata, jioni nimerudi. Mpaka hapo, neno moja tu, mzee. Ukuta usiguswe."

Tamimu aliondoa mkono ukutani. Maneno yaleyale. Kwa miaka yote hiyo familia nzima iliyasikia maneno yale na kuongeza sanduku, rupia na upanga, na kumbe mzee wa watu alikuwa anasema tu kile anachokisema binti mwenye buti: ukuta usiguswe, mtazama majini.

Alipanda ngazi akiwa mtu mwingine, tena mtu mdogo sana. Amna alimpokea mlangoni.

"Enhe? Kakwambia nini?"

"Kasema ni ukuta mzuri."

"Tamimu, mimi ni mkeo. Ni kiasi gani?"

"Kingi," alisema Tamimu, na hapo hakudanganya.

Kesho yake mvua ilianza asubuhi na haikutaka mjadala. Haikunyesha kwa hasira. Ilinyesha kama mtu aliyekuja kukaa. Tamimu alitandaza kitambaa cha zambarau cha sare za kwaya mezani, akapiga chaki, akashika mkasi, akakata mkono wa kushoto wa sare mara mbili. Akaweka mkasi chini. Akaenda kwa bibi Tupokigwe.

Bibi huyo alikuwa jikoni anamenya ndizi. Mumewe alizikwa pale pale ubavuni mwa nyumba, kama desturi ya Wanyakyusa ilivyo, kaburi likiwa na msalaba na kibaraza kidogo ambacho bibi alikikalia jioni kumsimulia marehemu bei ya vitu.

"Mama, ungeenda kwa mwanao kule juu, siku mbili hizi. Maji yanaweza kushuka."

"Ndaga, tata, ahsante kwa kunijali," alisema Tupokigwe bila kunyanyua kisu. "Na huyu nimpeleke wapi? Nimwache aogelee? Huyu alikuwa anaogopa hata beseni."

"Mama, ni hatari kweli."

"Basi kazuie hayo maji. Si uwanja wenu?"

Tamimu alirudi juu akiwa na neno hilo shingoni kama kamba. Alipofika kibandani alimkuta Ackson amejikinga mvua barazani, na nyuma yake vijana wa kijiwe chake wakitafuna majani ya chai kwa kukosa sigara.

"Mzee wa hazina! Yule msomi mbona simuoni leo?"

Na hapa Tamimu, ambaye asubuhi nzima alikuwa anatafuta namna ya kuwatahadharisha watu bila kujivua nguo, alichagua njia aliyoona ni fupi. "Kaenda Mbeya," alisema. "Kuleta malori."

Ackson akatema jani la chai.

"Malori," alisema Ackson polepole. "Sio gari. Malori."

"Ya mawe. Ya kufukia lile shimo, kwa sababu nyuma ya ukuta—"

"Yaani mtu anatoka hapa mpaka Mbeya kufuata mawe? Kutoka Tukuyu? Tukuyu hii, ambako ukipanda mhogo unavuna jiwe?" Ackson aligeuka kwa wenzake. "Jamani, malori yanakuja kubeba."

Tamimu aliona kosa lake likiondoka mbio mbele yake na asingeweza kulikamata. Malori! Neno lilipanda mteremko, likashuka, likaingia kwa kinyozi, likatoka na mtu aliyenyolewa nusu. Mchana haujageuka, uwanja ulikuwa umejaa watu wenye mitaimbo, majembe na magunia. Magunia yalikuwa mengi kuliko mitaimbo, maana matumaini ni mepesi kubeba.

Alipofika ukingoni Ackson alikuwa tayari shimoni na vijana wake, matope magotini. Ukuta sasa haukuwa unatoka jasho, ulikuwa unatoka machozi. Vijito vyembamba viliteremka kwenye kila ungio la mawe.

"Ackson! Toka humo!" Tamimu aliteremka ngazi nusu kwa miguu, nusu kwa makalio. "Hakuna sanduku! Ni maji! Nyuma yake ni bwawa!"

Walicheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka mwenye duka anapodai sukari imekwisha.

"Mzee, miaka yote umetuimbia sanduku. Leo linatoka, limekuwa bwawa?"

"Kahongwa huyo," ilisema sauti kutoka ukingoni.

"Kapewa lori lake moja!"

"Mtatuua!" alipiga kelele Tamimu. "Kuna watoto kule chini! Kuna mama Tupokigwe!"

"Mama Tupokigwe tutamjengea ghorofa," alisema Ackson, akasogeza fundi cherehani pembeni kwa mkono mmoja kama anayesogeza pazia, akanyanyua mtaimbo, akapiga.

Jiwe moja lilitikisika. Akapiga tena. Jiwe likaruka kama kizibo, na nyuma yake maji, manene kama mkono wa mtu, meusi, yenye harufu ya kale, yakampiga Ackson kifuani yakamkalisha chini.

Juu watu walipiga ukelele. Tamimu alifumba macho akiwaona Amna, na mashine ya kushonea, na kaburi lenye kibaraza, vyote vikishuka mteremko kwa pamoja. Alipofumbua, Ackson alikuwa ameshasimama, anatema tope, na macho yake yanang'aa kuliko mwanzo.

"Mmeona? Limezindikwa!" alipaza. "Wameweka maji kulinda! Piga hapo, piga pembeni, yakiisha hayo tunalifikia sanduku!"

Hakuna kitu duniani kisichoweza kuwa dalili ya hazina. Jiwe ni dalili, maji ni dalili, kukosekana kwa dalili ndiyo dalili kubwa. Vijana watatu walinyanyua mitaimbo kwa pamoja. Na Tamimu, akiwa amebakiwa na pumzi moja tu, alielewa jambo ambalo hata msomi Esnath hakulifikia: watu hawa hawawezi kuzuiwa kwa ukweli, kwa sababu ukweli hauna upanga wenye mpini wa dhahabu.

"Mnapiga bure!" alisema. "Nilishatoa!"

Mitaimbo ilibaki hewani.

"Umetoa nini?" aliuliza Ackson.

"Sanduku. Nilishalitoa zamani. Mnadhani mimi mjinga, nikalie mali maisha yangu yote juu ya uwanja wa babu yangu? Nilichimba kutokea chumbani kwangu, chini kwa chini, nikatoa, nikafukia."

Maji yalikuwa yanamwagika, kiatu kimoja cha Ackson kikaelea kikaenda zake, hakuna aliyekitazama.

"Muongo," alisema Ackson, lakini sauti ilikuwa imeshalegea. "Ungekuwa tajiri."

"Yale mabati mekundu," alisema Tamimu, akijisikia kama mtu anayejikata kidole ili kuokoa mkono, "uliwahi kujiuliza nimeyanunua kwa sketi zipi?"

Hapo pakasikika mguno. Kila mtu Ibighi aliwahi kujiuliza. Mabati yale Tamimu aliletewa na mwanawe wa kwanza anayefanya kazi Dar es Salaam, lakini nani aliyewahi kuridhika na jibu la namna hiyo? Mguno ulitembea ukingoni mwa shimo, ukawa hoja, ukawa karibu kuwa ushahidi. Ulikosekana muhuri.

Muhuri ulitoka juu.

"TAMIMU!"

Alikuwa Amna, ameshika mwavuli uliovunjika mbavu, kanga imemlowa mwilini. Alikuwa amekuja kumvuta mumewe asife kwenye tope. Sasa alisimama mdomo wazi, na uso wake ulikuwa unapita kwenye rangi ambazo duka la vitambaa halina.

"Umetoa? Ulishatoa? Na mimi nimelala kitandani humohumo?"

"Amna, mke wangu, ngoja—"

"Kanga hii ya mwaka juzi, Tamimu! Nakuosha miguu ukiumwa gauti! Nakuchemshia tangawizi! Nakuombea dua uipate! Na wewe umeipata, umeikalia, unaniambia bei ya mafuta imepanda tupunguze kukaanga? Mshenzi mkubwa wewe! Mimi na wanao tunakula ndizi za kuchemsha miaka yote, kumbe chini ya kitanda kuna Mjerumani?"

Akavua kandambili, akarusha. Ilimpata Tamimu kwenye paji la uso. Akavua ya pili.

Na hapo ndipo Ibighi yote ilipoamini. Mashine ya Tunduma inaweza kukosea, msomi anaweza kuhongwa, lakini kandambili ya mke haijawahi kuigiza. Hata Ackson alishusha mtaimbo kwa huruma ya kiume.

"Lini, mzee?" aliuliza kwa adabu mpya kabisa. "Na fungu letu? Sisi majirani?"

"Fungu lipo," alisema Tamimu. Damu kidogo ilimchuruzika kwenye nyusi. Maji yalikuwa yameshampita magoti na lile tundu lilikuwa limeanza kula jiwe la jirani yake. "Lipo la kila mtu. Nilikuwa nasubiri wakati. Lakini nawaambieni mbele ya mke wangu: maji haya yakifika nyumbani kwangu, mali yote inakwenda Kyela, inaingia ziwani, mkaombe kwa samaki. Nimeificha huko chini. Anayetaka fungu lake azibe tundu hili!"

Hakuna kiongozi aliyewahi kuitisha kazi ya kujitolea Ibighi ikaitikiwa namna ile. Wanaume ambao kwa kusafisha mtaro wa mtaa huwa wana mgongo waliruka shimoni na nguo zao za Ijumaa. Migomba ilikatwa, magogo yake yakaletwa mabegani, ya kwanza kabisa yakitoka kwa Tupokigwe, ambaye hakuuliza kitu. Alionyesha kwa kisu, huu, na huu, na ule. Mianzi ikaja. Magunia yaliyoletwa kubebea dhahabu yakajazwa udongo. Lakini tundu lilikuwa linatema kila kinachowekwa. Gogo linaingia, maji yanalirudisha.

"Kitu laini kwanza!" alilia Ackson, bega lake kwenye ukuta, maji yanamtoka puani. "Kitu cha kushindilia!"

Tamimu alitazama kibanda chake. Akakiona moyoni kile kitambaa cha zambarau mezani, jora la kwaya, kimelala kimya kikisubiri Pasaka. Akafumba jicho moja.

"Amna!" aliita. "Lete jora!"

Amna alimtazama. Bado alikuwa na kandambili ya pili mkononi. Kwa muda fulani ambao Tamimu hatausahau hakujulikana kitakachorushwa. Kisha aligeuka, akarudi na jora kifuani, akalirusha shimoni, na lile jora lilishindiliwa tunduni kwa mitaimbo ileile iliyotoboa ukuta, sauti ya kwanza na ya pili na besi pamoja, halafu magogo, halafu magunia, halafu miili ya watu ikiegemea. Maji yakanung'unika. Yakapungua yakawa kijito. Kijito kikawa machozi, na machozi yakawa jasho.

Adhana ya magharibi ilipoanza, malori yalipiga honi kwenye kona. Esnath alishuka, akaona umati umeegemea ukuta kama watu wanaopigwa picha, akamwona fundi cherehani ana uvimbe katikati ya paji.

"Nilisema usiguswe," alisema.

"Tumeugusa kidogo," alisema Tamimu.

Esnath alichuchumaa akatazama kitambaa cha zambarau kilichochomoza kati ya mawe na magogo ya migomba. Akatikisa kichwa taratibu. "Wenzangu watakaochimba hapa miaka mia ijayo watasema palikuwa na kanisa."

"Andika aliyejaza alikuwa Muislamu," alisema Tamimu. "Na waumini walikuwa wenye tamaa."

Mawe ya malori yalimwagwa, shimo likafukiwa, kibanda cha soko kikahamishiwa mahali pengine. Mvua iliendelea mpaka ilipochoka yenyewe. Nyumba hazikuzama.

Tamimu ndiye aliyezama. Kwa kuwa sasa ni tajiri, hapishwi tena safu ya mbele: anasogelewa. Anasubiriwa nje ya msikiti, anasubiriwa nje ya choo. Kina mama wa kwaya hawakuulizia jora lao. Waliagiza jora bora zaidi, ikabidi auze cherehani yake ya pili awanunulie, na watu wakasema, mnaona, tajiri habakizi cherehani mbili. Kila anayemdai fungu anajibiwa jibu moja: "Mambo yapoe kwanza. Serikali ikisikia itachukua yote." Kwa hiyo Ibighi nzima inatunza siri, inaitunza kwa sauti kubwa, vijiweni na kwenye misiba. Ackson huja kila Jumamosi kumwosha mguu wenye gauti kwa maneno matamu, na kila Jumamosi huutazama uvungu wa kitanda kupitia mlango ulioachwa wazi.

Mtu mmoja tu hakumletea maneno matamu. Tupokigwe alikuja na mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akasema, "Ndaga, tata. Mzee anakusalimu, miguu yake ni mikavu," akaondoka.

Amna hakuongea. Alipika, akatenga, akanyamaza. Mumewe alijaribu kumweleza ukweli wote, mara ya kwanza kitandani, mara ya pili mezani, na kila mara mke alimtazama vile watu wa Ibighi walivyomtazama shimoni aliposema ni maji.

Basi siku moja Tamimu alirudi kutoka sokoni adhuhuri akakuta kitanda kimesogezwa. Amna alikuwa amepiga magoti pembeni ya shimo alilochimba kwenye sakafu ya udongo ya chumba chao, jembe la mkono pajani, vumbi hadi kwenye kope. Shimo lilikuwa linaingia mkono mpaka kwapani. Hakugeuka aliposikia hatua.

Tamimu alisogea, akachungulia. Juu udongo mwekundu uliokanyagwa. Chini yake kipande cha mwanzi, cheusi kwa uzee. Chini yake mstari mwembamba, rangi ya maziwa. Na chini kabisa, ambako Amna alitegemea Mjerumani, tope jeusi lilikuwa linavimba polepole likitoa maji, na juu ya maji, jani moja la tete, zima, kama lilianguka asubuhi ile.

Walilitazama wote wawili. Nje mtu alibisha hodi kwa sauti ya kuita abiria.

"Hodi wenyewe! Mzee yupo? Nimekuja tu kumjulia hali!"

Amna alirudisha udongo shimoni kwa viganja viwili, haraka, bila kumwaga. Akasimama akaukanyaga, kisigino kwa kisigino, mpaka pakawa sawa. Akatandika mkeka. Wakakirudisha kitanda pamoja, yeye kichwani, mumewe miguuni. Halafu akajifuta mikono kwenye kanga ya mwaka juzi, akaenda kufungua mlango.

"Karibu, Ackson, mwanangu," alisema. "Fungu lenu lipo, tena kubwa. Mambo yapoe kwanza."